Pamba Darini, Ufunguo Benki

Mwaka ule wa joto, watu wa mtaa walikosana na magodoro yao. Sponji walilokuwa wakilisifu kwa wepesi liligeuka kikaango. Ukilala chali mgongo unaungua, ukigeuka, ubavu nao unaanza upya. Wengine walimwaga maji sakafuni wakalala juu ya sementi, wengine waliburuta mikeka barazani, na asubuhi watu walipishana njiani macho mekundu, shingo zimejaa harara, wote wananukia poda ya watoto kama waliotoka kliniki. Hapo ndipo walipomkumbuka Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa fundi wa magodoro ya pamba, yale mazito ya zamani ambayo mtu mmoja hawezi kuyageuza bila kuita msaada. Shule hakwenda, kazi hiyo aliachiwa na shangazi yake, pamoja na fimbo mbili nyembamba na sindano ndefu kuliko kiganja. Godoro lililochoka alilifumua, akaitoa pamba iliyogandamana, akaianika juani mpaka ikapata moto hadi ndani, kisha akaichapa kwa fimbo zile mpaka ikaumuka. Baada ya hapo aliichambua kwa vidole, akaijaza kwenye kitambaa kipya na kuishonea. Pamba iliyoiva kwa jua namna hiyo haimchomi mtu mgongo. Ubaya wake ni mmoja tu, haina urafiki na maji. Ikilowa kabla haijashonwa inashikana mabonge, inapata rangi ya chai, na harufu yake haitoki kirahisi.

Watu walikuja na sura za unyenyekevu. Wale wale waliomcheka sponji lilipoingia, waliomshauri akauze karanga kwa kuwa kazi yake imekwisha, sasa walimwita mama na dada na kumuuliza miguu inaendeleaje. Aliwajibu vizuri. Moyoni alikuwa na majibu mengine, lakini hayo aliyaacha huko huko.

Na jina lenyewe la Bi Mkubwa, ukubwa wake uliishia kwenye jina. Kabla mumewe hajaoa tena alikuwa mke tu, na alikuwa na nyumba. Nyumba hiyo waliijenga pamoja, mume kwa mdomo na mke kwa kichwa. Mume, aliyekuwa na duka la makufuli na matairi yaliyokwisha kutumika, alisimama chini kwenye kivuli akiwaamrisha mafundi. Mke alipanda ngazi ya miti na karai za zege, akashuka, akapanda. Paa lile bapa, ambalo wenyewe waliliita darini, lilipita lote kichwani kwake, na utosini pana mahali nywele hazijaota vizuri mpaka leo. Siku ya kumwaga zege fundi alitaka yawekwe mabomba mawili ya kutolea maji ya mvua. Mke akasema ndiyo, yawe mawili. Mume akasema moja linatosha, kwani hapa inajengwa nyumba au bwawa? Mafundi wakacheka, likawekwa moja.

Zege lilipokauka vizuri, akaletwa Bi Mdogo.

Bi Mkubwa aliombwa ashuke chini kwa muda, apishe ghorofani mpaka mambo yakae sawa. Alipewa chumba kilichokuwa kikihifadhia saruji. Hakikuwa na dirisha, ila tundu moja la hewa karibu na dari, kubwa kama tofali. Muda ule haukuisha. Bi Mdogo alijifungua mapacha, mume akawa Baba Pacha kwa mtaa mzima, na Bi Mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, ikambidi naye amwite Baba Pacha kila alipomhitaji. Kila akilitamka alikuwa kama mtu anayejibandua kidonda mwenyewe.

Katika joto lile, chumba cha saruji kilikuwa tanuri. Bi Mkubwa alilowesha khanga akajifunika nayo, ikakauka kabla hajapata usingizi. Aliweka miguu kwenye beseni la maji, maji yakapata uvuguvugu. Juu yake alisikia feni ya Baba Pacha ikizunguka, ng'wi, ng'wi, ng'wi, na alijua sauti ile mpaka akaweza kusema imewekwa namba ngapi.

Basi wakati huo ndipo alipokuja mkunga. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye nyumba ya uzazi upande wa pili wa barabara. Vitanda vyake vilikuwa na sponji lililovikwa plastiki, na wazazi wake, wanawake waliokuja kujifungua, walikuwa wakilia mara mbili, kwa uchungu na kwa mgongo. Alitaka vitanda vyote vitandikwe magodoro ya pamba. Bi Mkubwa akamshonea moja la kujaribia. Mkunga alilipanda mwenyewe, akajilaza, akanyamaza mpaka wauguzi wakadhani amelala.

"Dada," akasema bila kufumbua macho, "huyu mtu aliyekuficha chumba cha chini angekuwa mgonjwa wangu, ningemchoma sindano butu."

Kisha akamwambia jambo lililomkosesha usingizi kuliko joto. Nyuma ya nyumba ya uzazi palikuwa na chumba kitupu chenye baraza pana la kuezekwa. Kazi ikienda vizuri, Bi Mkubwa angehamia pale, awe fundi wa nyumba ile, magodoro yakichoka anayafumua, anayaanika, anayashona. Alipelekwa akakione. Hakutazama sakafu wala ukuta. Alitazama madirisha mawili yanayotazamana, na upepo uliokuwa ukiingia kwa huku na kutokea kule kama mwenye haki yake. Akashika nondo ya dirisha moja akasimama hapo mpaka mkunga akamuuliza kama amefungwa.

Tangu siku ile kila alichokifanya alikifanya kwa ajili ya madirisha yale.

Pamba aliianika darini, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye jua la kutosha. Uani jua lilipita mara moja tu kwa siku, ukanda mwembamba kati ya ukuta na tangi la maji, halafu likapanda ukutani likaenda zake. Darini lilikaa kutwa. Aliitandaza pamba juu ya mashuka, akaifunika chandarua kikuukuu ili upepo usiichukue, akakizungushia mawe. Pembeni aliweka turubai lililokunjwa, likiisubiri mvua. Kulivuta turubai lile ilikuwa kazi ya muda wa kukohoa mara mbili.

Shida ikawa mapacha. Watoto wakiona rundo jeupe, laini, limeumuka, wafanye nini kama si kuliruka? Waliruka. Walijizika humo mpaka shingoni, wakapiga chafya, wakacheka, na mmoja akalikojolea. Bi Mkubwa alishuka na konzi ya pamba iliyolowa akamwekea Baba Pacha mezani, karibu na sahani. Alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani, kwamba mlango wa darini ufungwe, na ufunguo akae nao mama mtu, mwenye watoto wake, ili siku nyingine wakipita ajibu yeye.

Baba Pacha hakupenda zogo wakati wa kula. Alileta kufuli kubwa kutoka dukani kwake, lile la kufungia geti la chuma, akampa Bi Mdogo ufunguo. Bi Mdogo aliufunga kwenye ncha ya mtandio. Bi Mkubwa alishuka ngazi siku hiyo kifua mbele. Katika nyumba ile hakuwa ameshinda neno lolote kwa miaka, na hili alilishinda.

Ukawa ndio utaratibu wao. Asubuhi Bi Mdogo anafungua, Bi Mkubwa anapanda kuigeuza pamba, akimaliza anashuka, mlango unafungwa nyuma yake. Mchana zege lilikuwa halikanyagiki hata kwa ndala, na aliwahi kuzirai huko juu akaamka shavu limebabuka, hivyo saa za jua kali alikaa chini na kupanda tena likilegea. Bi Mdogo alikuwa yupo nyumbani siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro.

Lakini joto halikumchagua mtu. Na Bi Mdogo naye, pamoja na madirisha yake na feni yake, alikuwa binti mwenye mwili, anayetoka jasho hadi kwenye kope. Akagundua benki. Mtaa wa pili palikuwa na benki yenye kiyoyozi na viti vya wateja vilivyopangwa safu. Mchana aliwaacha mapacha kwa jirani, akavaa vizuri, akabeba mkoba mtupu, akaenda kukaa benki. Alikaa kama anayesubiri kuitwa. Mlinzi alishamjua, wakawa wanaulizana habari za nyumbani. Hakuwa peke yake. Nusu ya wale waliokaa pale na sura za watu wenye akiba walikuwa wamekuja kupoa. Bi Mkubwa hakuwa na habari ya hayo. Alidhani mwenzake hulala mchana.

Siku yenyewe, mbingu ilikuwa nyeupe tangu asubuhi. Haikuwa na wingu la kusingizia. Mkunga alikuwa ameshatoa sponji zake zote nje, maana wazazi walizikataa, na wanawake walikuwa wamelala kwenye mikeka wakimngoja Bi Mkubwa. Kwa kawaida alianika pamba ya godoro moja baada ya jingine. Siku hiyo, kwa haraka na kwa kuiamini ile mbingu, aliianika yote. Darini pakajaa weupe kutoka ukingo hadi ukingo. Alipoona imeiva upande wa juu aliigeuza, akashuka, akamkuta Bi Mdogo ngazini na ufunguo mkononi.

"Nifunge, dada?"

"Funga, mwenzangu. Pacha wako wapi?"

"Wapo kwa jirani."

"Funga hata hivyo."

Akajilaza chumbani kwake juu ya sakafu. Hakusinzia vizuri. Kilichomwamsha ni ubaridi. Upepo uliingia kwa lile tundu la tofali, upepo wenye harufu ya vumbi lililoguswa na maji, na mwili wake ukaufurahia kabla akili haijaamka. Alitabasamu. Kisha akasikia mabati ya jirani yakipigwa, tone moja, matone machache, halafu yote kwa pamoja.

Alipanda ngazi huku anajikwaa, akaukuta mlango wa chuma umekaa kimya na kufuli lake. Akagonga kwa Bi Mdogo. Hakujibiwa. Akaingia sebuleni. Baba Pacha alikuwa ameketi mbele ya feni na fulana yake, taulo lililolowa likiwa kichwani, miguu juu ya meza.

Alimwuliza Bi Mdogo yuko wapi. Akajibiwa yuko benki. Hakuelewa, akauliza benki kuna nini, akajibiwa kuna baridi. Na ufunguo? Ufunguo uko kwenye mtandio, na mtandio uko benki.

"Baba Pacha, twende tuvunje. Pamba yangu yote iko juu. Pamba yote."

Mume aliinua taulo kidogo akamtazama. Akaeleza, pole pole, kwamba kufuli lile halivunjwi kwa nyundo, ndiyo maana analiuza kwa wenye mageti. Tena mvua za siku hizi ni za kupita tu.

"Na kwani si wewe uliyetaka pafungwe?"

Alisema hivyo bila ukali, kama anayemkumbusha mahali alipoweka miwani. Umeme ukakatika, feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Baba Pacha akaguna, akaanza kujipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Bi Mkubwa alirudi mlangoni. Akaweka viganja viwili juu ya chuma, akaweka na sikio. Juu ya zege mvua ina kishindo chake, kikavu, lakini alichosikia hakikuwa hicho. Alisikia mvua ikinyamazishwa, ikiangukia kitu laini kinachoipokea na kuimeza. Turubai lilikuwa huko huko, hatua chache kutoka kwenye mlango ule. Alisukuma kwa bega mara moja. Mlango haukujua kama kuna mtu.

Akashuka, akatoka mbio.

Mtaa ulikuwa umegeuka mto. Ndala moja ilimchomoka, akaitupa na ya pili. Watu waliojibanza kwenye vibaraza vya maduka walimtazama mama mtu mzima anayekimbia kwenye mvua bila viatu, mikono imejaa nyuzi za pamba zilizolowa, na mmoja akauliza kama huyu kuku amenyonyolewa nusu. Vijana wakacheka. Walikuwa na furaha wote. Mvua ilikuwa imewaondolea joto. Yeye ndiye pekee aliyekuwa hana haja nayo.

Mlinzi wa benki alimzuia mlangoni kwa mkono. Alimwita mama, akamwomba radhi, akasema ndani ni kwa wateja, na sakafu imepigwa deki sasa hivi.

"Namtaka mke mwenzangu."

"Hilo sasa si shauri la benki, mama."

Bi Mkubwa akamwacha mlangoni. Akazunguka kwenye kioo. Bi Mdogo alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani, uso umekauka vizuri, amependeza. Bi Mkubwa akagonga kioo kwa pete. Bi Mdogo aligeuka, akamwona, akatabasamu kwa furaha ya kweli. Akasogea kwenye kiti, akapiga piga nafasi iliyo wazi kando yake, kwamba njoo dada, ipo.

Ilichukua muda kabla mkono haujamwenda Bi Mdogo kwenye ncha ya mtandio.

Walirudi pamoja, wote wanakimbia, Bi Mdogo na viatu mkononi akilia njia nzima. Alisema jua lilikuwa kali, dada, nani angejua, mbingu ilikuwa safi. Alisema laiti angeuacha ufunguo kwa jirani. Bi Mkubwa aliendelea kukimbia. Alikuwa ametafuta hasira ya kumpa akaikosa, na hilo lilimchosha kuliko mbio.

Ngazini maji yaliwatangulia. Yalitoka chini ya mlango wa chuma, yakiteremka kidato baada ya kidato, na kwenye kila kidato yaliacha kipande cha pamba. Bi Mdogo alifungua kufuli. Darini palikuwa bwawa. Pamba ilielea, ikazama, ikajikusanya yote upande wa lile bomba moja, ikalijaza kama kizibo, na maji yalipokosa njia yakajaa mpaka mlangoni na kuanza kupenya kwenye zege. Mvua ilikuwa imeshapita. Ilikuwa kweli mvua ya kupita tu.

Baba Pacha alipanda akiwa na taulo lake begani. Dari ya sebule ilikuwa inavuja juu ya kiti chake. Alitazama bwawa, akatazama bomba.

"Pamba yako imeziba bomba," akasema.

"Nilisema yawe mawili."

"Unaniletea mambo ya siku za ujenzi?"

Hakupandisha sauti. Alitoa uamuzi kama anavyotoa dukani: darini haianikwi tena pamba, awe nani, iwe jua au mvua. Akauchukua ufunguo mkononi kwa Bi Mdogo, akautia mfukoni mwake. Bi Mkubwa aliingiza mkono kwenye maji mpaka bega akavuta pamba kutoka kwenye bomba, bonge kwa bonge, maji yakanguruma yakashuka. Alipomaliza jua lilikuwa limetoka, kali vile vile, na zege likaanza kutoa moshi. Lingeikausha vizuri sana. Baba Pacha alikuwa amesimama mlangoni akimngoja ashuke, afunge.

Wakaishusha pamba kwa mabeseni, yeye na Bi Mdogo, mpaka uani.

Mkunga alikuja mwenyewe, kabla hajaitwa, maana habari zilishavuka barabara. Hakuleta mzaha. Alichota konzi ya pamba akaiminya, maji yenye rangi ya chai yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akainusa, akairudisha taratibu kama anayemrudisha mtoto kitandani.

"Inakauka hii, dada?"

Bi Mkubwa alitaka kusema inakauka. Alisema, "Kwa jua la darini."

Mkunga aliinua macho akatazama juu, kisha akayashusha. Alisema ana wanawake kwenye mikeka, wawili kati yao uchungu umeshaanza. Sponji zilizokuwa nje nazo zimelowa, lakini zina plastiki, ameshazifuta.

"Wazazi wangu hawawezi kungojea jua, mama yangu. Na kile chumba ningekiacha wazi, ila sponji zikirudi, na mimi nitahitaji mahali pa kuziweka zile za akiba." Akajifuta kiwiko. "Unanielewa lakini."

Alimwelewa. Hata yeye angesema hivyo hivyo. Mkunga alimshika bega akaondoka, akivua viatu kukanyaga matope ya mtaani.

Ule ukanda wa jua ulikuwa umefika uani, kati ya ukuta na tangi. Ulitosha upana wa beseni. Bi Mkubwa alivuta kigoda, akachukua pamba kidogo, akaitandaza pale penye mwanga, akaanza kuichambua kwa vidole, bonge moja moja. Bi Mdogo alikuja akachuchumaa kando yake, akachukua bonge naye. Hakujua kuchambua, alikuwa anaikata. Bi Mkubwa alimwangalia akamwacha. Juu yao umeme ulirudi, feni ikaanza tena, ng'wi, ng'wi, kwenye namba ya juu kabisa.

Ukanda ulisogea, wakasogeza beseni. Ulisogea tena, wakasogeza. Ulipofika chini ya ukuta ukaanza kupanda, na Bi Mkubwa akanyanyuka, akachukua konzi moja ya pamba, akaibandika ukutani kwenye jua, akaishikilia kwa kiganja. Jua likapanda. Naye akapandisha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, mpaka mwanga ukapita juu ya kucha zake na ukuta ukabaki na kivuli.

"Dada," akasema Bi Mdogo, "shusha mkono utaumia."

Hakuushusha upesi.